Msaragambo wa Ghorofani

Kwetu milimani, juu ya Makanya, mtu akikuomba umpe mkono wa msaada humuulizi kwa nini. Mbiu ya msaragambo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunakwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Anayebaki nyumbani bila sababu husemwa mpaka kanisani. Lakini ukiugua, watu wale wale watakuja kukupalilia shamba na kukuchemshia uji. Ndivyo mama alivyotulea. Mdogo wangu wa kike akaondoka na malezi hayo kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani.

Kosa lake alilifanya wiki ya kwanza tu. Bosi wake, mwanamke, alikuwa na dada yake ghorofa ya juu, katika jengo lile lile la vioo vitupu. Siku hiyo yule dada alikuwa na wageni. Mdogo wangu akamwona anahangaika, akapanda mwenyewe, akamwoshea vyombo vyote. Hakuna aliyemtuma. Jioni akatupigia simu huku anacheka: "Mama, nimepata majirani!"

Mama akafurahi. "Hivyo hivyo, mwanangu. Usimnyime mtu mkono wako."

Nikikumbuka maneno hayo natamani kupiga ukuta ngumi. Wale hawakuona ujirani, waliona punda wa bure. Kesho yake akaitwa tena juu, keshokutwa kwa mama yao, kisha kwa shemeji mwenye bwawa la kuogelea na mbwa wanaooshwa kwa shampuu. Akirudi hoi, kazi za nyumba aliyoajiriwa zinamsubiri vile vile. Pasipoti yake ilifungiwa kabatini tangu alipofika. Kwenye simu tuliona masofa meupe na taa za kuning'inia, na mbele yake uso wa mdogo wangu unazidi kukonda.

"Waambie hapana!" nilimfokea.

"Na mimi nikiumwa nani atanisaidia?" akanijibu, kama vile nimemtukania ndugu zake.

Akaumwa kweli. Akiwa na homa kali akaomba alale kidogo. Bosi akamwambia hapana, leo ni zamu ya dada, mapazia yamefuliwa yanasubiri kutundikwa. Hapana hiyo ilimtoka mdomoni bila taabu yoyote. Mdogo wangu akapanda ngazi ya kukunja, kizunguzungu kikamwangusha, nyonga ikavunjika. Katika nyumba zote alizosugua, hakuna mtu hata mmoja aliyempelekea kikombe cha uji. Walichowahi ni kumkatia tiketi, wasije wakabaki na mgonjwa. Na pasipoti, ambayo siku zote ufunguo wa kabati lake ulikuwa haujulikani ulipo, ikapatikana mara moja.

Pale barabara inapoishia, vijana wa kijiji walimpokea na machela, wakapokezana kumpandisha mpaka nyumbani. Mpaka leo hawezi kuchuchumaa.

Mwezi haukuisha, wakala aliyempeleka akaja. Hakuwa na haya hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hali ya mgonjwa hakuiuliza. Alikaa, akakunja nne. "Mama, wale watu wanamsifu sana binti yako. Wameomba mwingine, tena wametaka wa huku huku Upareni. Wanasema mabinti wa huku hawakatai kazi. Hapa nyumbani yupo mwingine?"

Damu ilinipanda kichwani. Wametafuna tabia yetu njema mpaka mfupa, sasa wanarudi kuomba mchuzi! Nikamtazama mama ili amjibu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa amelala chumbani, akaitambua sauti ya mgeni.

"Shikamoo, kaka," aliita kutoka kitandani. "Naomba uniombee msamaha kwa yule dada wa juu. Mwambie mapazia yake sikuyamaliza."

Mama akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilimkamata yule mtu kola, nikamtoa nje.