Sista Rahema na Vidonge Nilivyoficha

Kaa hapa kidogo, mwanangu, kabla hujaenda kuanza kazi yako ya uuguzi. Nakumbuka siku moja, miaka ya sabini ikiwa ndiyo inaanza, nilipokuwa kitandani katika wadi ya wagonjwa wa akili hapa Kisumu, nimebana vidonge shavuni kama mtoto aliyeficha peremende.

Ndiyo, mimi huyu unayeniona. Nilikuwa muuza samaki wa Dunga, kule ufukweni mwa ziwa, kijana, mwembamba, miguu myepesi. Nilipojifungua mtoto wa pili nikaanza kusikia sauti zikinituma niingie ziwani. Wako waliomshauri mume wangu anifunge kamba. Mungu amrehemu, hakuwasikiliza, akanipeleka hospitali.

Dawa zilizinyamazisha zile sauti. Lakini zilileta njaa ambayo sikuwa nimeijua maishani. Nilimaliza sahani yangu nikatazama ya jirani. Nikanenepa mpaka gauni nililokuja nalo likagoma kupita mabegani. Wageni walisifu, "Umepona, ona ulivyonona!" Kumbe nilikuwa nahema kwa kwenda bafuni tu. Ndipo nikaanza kuficha vidonge, na sauti zikarudi.

Aliyegundua ni Sista Rahema, msimamizi wa wadi. Msaidizi wake akadakia, "Huyu shida yake ni ulafi."

Sista akamgeukia. "Njaa hii tumempa sisi, pamoja na dawa. Usimcheke tena mbele yangu."

Kisha akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo wauguzi wa siku hizo hawakulifanya. "Mama Atieno, mbona hutaki dawa?"

"Huu mwili si wangu, Sista. Nitabebaje karai la samaki?"

"Basi usiache dawa peke yako. Twende kwa daktari, umwambie hivyohivyo. Nitakuwa kando yako."

Daktari alinisikiliza, akabadilisha dawa; hizo nikazimeza, na sauti zikanyamaza tena. Sista akaongea na watu wa jikoni wanipunguzie ugali, waniongezee mboga. Jioni, kazi yake ikiisha, alinishika mkono tukazunguka uwanja wa hospitali, akinisimulia habari za mama yake aliyeuza mandazi mtaani Kondele. Polepole pumzi ikarudi.

Wembamba wangu haukurudi, mwanangu. Lakini mimi nilirudi Dunga, nikabeba karai langu, nikalea watoto wangu. Dawa nameza hadi leo, na kila nikiamka namshukuru Mungu kwa yule mwanamke.

Kwa hiyo ukimkuta mgonjwa wa akili aliyenenepa, usimwambie amepona, wala usimwite mlafi. Muulize anajisikiaje ndani ya mwili wake. Akilalamika kifua au miguu, mpime kama ungempima mtu mwingine yeyote, usiseme ni wazimu unaoongea. Na akikataa dawa, tafuta sababu kwanza, kukaripia hakuna haraka.

Haya, nenda. Mungu aibariki mikono yako, na kila utakayemuuguza afurahi kwamba ulizaliwa.