Niliachia mkono wa mtani wangu kwenye mieleka ya Saba Saba

Wakuu, hamjambo humu ndani? Walionizidi umri, shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache.

Mimi ni mzee wa Tabora, mwalimu mstaafu. Huwa nasoma nyuzi zenu kimyakimya na kucheka peke yangu barazani. Leo naandika ya kwangu. Ni ya kweli, na mwenye kosa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba. Atakayechoka njiani apumzike, uzi hautakimbia.

Yote yameanzia kwenye simu. Binti yangu alininunulia simu kubwa, akanifundisha kutafuta video. Vijana wenzenu wakitafuta muziki, mimi nilitafuta mieleka ya zamani, ile wrestling ya picha nyeusi na nyeupe, mijitu minene yenye bukta fupi inarushana ulingoni.

Nilitazama tatu mfululizo. Ya nne nikaisimamisha katikati, nikatafuta miwani.

Niwarudishe nyuma kidogo mjue nilichokiona.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilimaliza Form Four. Matokeo hayakunipeleka mbele. Nikarudi kijijini kwetu, njia ya Urambo, kijiji kipya cha ujamaa ambacho nyumba zake zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Tulilima tumbaku ya kijiji asubuhi, na jioni mimi nikifundisha watu wazima kusoma. Ndiyo maana wakaniita Mwalimu, ingawa chuo sikuwa nimekiona hata mlango wake.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mrisho, fundi baiskeli. Mrisho ni Mzaramo, baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli akakaa moja kwa moja. Mimi Mnyamwezi.

Wanaojua wameshatabasamu. Kwa ambao hamjui: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka Pwani na misafara, mizigo kichwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna pa kumshtaki. Anachukua kuku wako mchana kweupe. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kufanya vituko ili watu wacheke katikati ya kilio. Sharti ni moja tu: hukasiriki. Ukimkasirikia mtani, umekosa wewe, hata kama yeye ndiye aliyeanza.

Mrisho akiniona natoka nyumbani asubuhi alikuwa anapaza sauti toka kwenye karakana yake:

"Mtumwa wangu! Mbona unatembea umekaza shingo? Mzigo ulishatuliwa zamani, hakuna aliyekuambia?"

Nami namjibu: "Nyamaza, Mzaramo. Babu yangu alifika kwenu na pembe mbili za ndovu, akawakuta mmelala chini ya minazi mnasubiri nazi zidondoke zenyewe."

"Na zilidondoka! Kuna tabu gani?"

Ndivyo tulivyoamkiana. Siku asiponitukana nilimuuliza kama anaumwa.

Sasa, kijijini kwetu lilikuwa linakuja gari la sinema. Wanatundika shuka jeupe ukutani mwa ghala la tumbaku, jenereta inanguruma, kijiji kizima kinakaa chini. Kwanza kilimo bora, halafu choo bora, halafu hotuba. Mwisho, kama zawadi ya uvumilivu wetu, bwana sinema alikuwa anaweka filamu fupi ya mieleka ya Wazungu.

Mtangazaji wa ile filamu aliongea Kiingereza cha kukimbia. Mara ya kwanza bwana sinema akauliza nani anajua lugha. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikapewa kipaza sauti.

Wakuu, nikiri. Katika kila maneno matano nilishika moja. Manne yaliyobaki nilitunga.

Kulikuwa na jitu la ndevu na kijana mwembamba. Nikatangaza: "Ndugu wananchi! Huyu mwenye ndevu ni bepari! Ana mashamba kumi na hajawahi kupalilia hata moja! Na huyu mwembamba ni mkulima kama wewe na mimi!"

Kijiji kililipuka. Bepari akimkaba mkulima, akina mama wanapiga kelele. Bibi Nyamizi, aliyekuwa mtu mzima sana, alivua kandambili akaitupa kwenye shuka: "Mwachie mtoto wa watu, mshenzi wewe!" Mkulima aliposhinda tulirudi majumbani tukiimba.

Gari lilirudi mara tatu na filamu ileile. Tulijua nani atashinda. Tulipiga kelele vilevile, na kandambili ilirushwa vilevile.

Mrisho peke yake ndiye hakupiga kelele. Alikuwa anasogea mbele kabisa, anakodoa macho kama anatafuta spoki iliyolegea.

"Wale hawapigani," aliniambia kesho yake. "Wale ni watani."

"Acha ujinga. Hukuona alivyobamizwa?"

"Mwalimu, mimi nimeanguka na baiskeli mara ngapi? Mtu akianguka vile kweli, hainuki. Angalia mkono wa yule jitu. Anamrusha mwenzake, lakini hamwachii mpaka amefika chini. Wamepatana wale."

Nilimcheka. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, yeye alikuwa na spana. Nani anajua zaidi?

Saba Saba ilipokaribia, kamati ya kijiji ikataka mchezo wa kuonyesha wageni. Watu wakasema, mieleka! Mwalimu awe mkulima, Mrisho awe bepari. Tukakubali kwa kicheko.

Tulifanya mazoezi wiki mbili nyuma ya karakana, juu ya marundo ya majani makavu. Mrisho ndiye alikuwa mwalimu wangu. Alinionyesha: mimi namshika mkono wa kulia, nainama, yeye anaruka mwenyewe juu ya mgongo wangu, anapita, anatua. Kazi yangu ni moja.

"Usiniachie mkono," alisema. "Mengine yote niachie mimi. Wewe nishikilie tu mpaka mgongo wangu umegusa chini."

Tulirudia labda mara hamsini. Sikuwahi kumwachia.

Siku yenyewe uwanja ulijaa hadi watu wa vijiji vya jirani. Mbele, kwenye viti vitatu vilivyokuwepo, alikaa mgeni kutoka wilayani, bwana wa elimu. Huyo mgeni ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunipendekeza chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeshamwandikia barua mbili bila jibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilipiga pasi kaptura yangu ya kuchezea mieleka, hebu fikirieni.

Mrisho aliingia na ndevu za katani na mto tumboni. Watu wakamzomea kwa furaha. Bibi Nyamizi alishavua kandambili kabla hata hatujaanza.

Tukazunguka zunguka juu ya majani tuliyotandaza. Ndipo Mrisho akafanya kazi ya mtani. Akawageukia watu, akaninyooshea kidole:

"Huyu ndiye mkulima wenu? Huyu alikwenda sekondari miaka minne, mitihani ikamkaba koo, ikamrudisha hapa na daftari kwapani! Vitabu vimemshinda, ataniweza mimi?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Nikatupa jicho kwenye viti. Mgeni alikuwa anafuta machozi kwa leso, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Wakuu, nimetafuta miaka mingi neno la kueleza kilichonipanda, sijalipata zaidi ya hili: nilikasirika. Nilimkasirikia mtani wangu. Sikuona tena Mrisho, niliona mtu aliyesoma cheti changu hadharani mbele ya yule mmoja niliyetaka asikijue.

Nilimshika mkono wa kulia kama tulivyofanya mazoezi. Nikainama. Akaruka, maskini, kwa kuniamini.

Akiwa hewani nikaachia. Siyo kuachia tu. Nikamsukumiza chini kwa bega langu.

Sauti ya mfupa kuvunjika tuliisikia mimi na yeye tu, maana watu walikuwa wanashangilia. Alitulia chini kidogo, ndevu zimegeukia sikioni. Akanitazama. Halafu akainuka, akaushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akauinua juu.

"Mkulima ameshinda!" alipaza sauti. "Bepari hoi!"

Alimaliza mchezo. Alitembea mpaka nyuma ya ofisi ya kijiji, na huko ndiko akatapika kwa maumivu.

Mgeni alinipa mkono. Alisema kijana mwenye moyo kama wangu anahitajika. Miezi michache baadaye nilipata barua ya chuo. Naam, mshahara niliolea nao watoto wangu umetokea pale.

Bega la Mrisho halikurudi. Mfupa uliunga vibaya. Mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua, na fundi baiskeli asiyeweza kunyoosha rimu au kukaza spana si fundi tena. Watu walipomuuliza alisema, "Niliteleza mwenyewe, mto ulinizidi uzito." Na mimi nikawaambia, "Aliteleza." Neno hilohilo moja.

Kosa la pili ndilo sikulijua mpaka mwezi uliopita.

Kwa aibu yangu nikaanza kumheshimu. Nilishindwa kumtania mtu niliyemlemaza. Nilikuwa nikipita karakana naita, "Habari za asubuhi, ndugu Mrisho." Siku ya kwanza alicheka, akadhani ni mbinu mpya. Siku ya pili akasema, "Mtumwa wangu, umekula nini?" Nikamjibu, "Salama tu, ndugu." Siku ya tatu hakusema kitu.

Nikaenda chuo. Yeye akahamia kwa wakwe zake, Puge, upande wa Nzega. Tukapotezana.

Sasa turudi kwenye simu. Video ya nne, jitu linamrusha mwenzake, nami nikaisimamisha palepale hewani. Nikavaa miwani. Mkono ulikuwepo, wakuu. Jitu limemshika mwenzake kifundo cha mkono, na mkono mwingine umeingia chini ya shingo. Nikairudisha, nikatazama nyingine. Kila mrusho, mkono upo. Pamoja na zile kelele zote nilizopiga kwenye kipaza sauti, na Kiingereza changu chote, sikuuona. Fundi baiskeli aliuona mara ya kwanza.

Wiki ileile nilipanda basi.

Puge niliulizia, nikaonyeshwa. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Macho yameingia ukungu. Mkewe, Kalunde, akamwambia kuna mgeni.

"Mgeni gani?"

"Ni mimi, ndugu Mrisho," nikasema. "Mwalimu."

Akaacha kupukuchua. "Kama umekuja kuniita ndugu, basi lako bado lipo barabarani, liwahi."

Nikakaa chini, si kwenye kiti. Nikamweleza yote. Kwamba sikuteleza, hakuteleza, niliachia kwa makusudi, na nikasukuma. Kwamba naomba radhi kwa kuchelewa kiasi hiki.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Unadhani sikujua? Mkono ulikuwa wangu. Nilisikia hasira yako kabla sijafika chini. Nikasema, kumbe nimemgusa penyewe, leo nimezidisha. Nilisubiri uje tucheke, nikutoze faini ya jogoo, yaishe." Akashika bega lake. "Hili lilininyang'anya kazi, sikufichi. Nililia. Lakini wewe ukaja na habari za asubuhi, ndugu Mrisho. Uliniacha mara mbili, Mnyamwezi. Ile ya pili hakukuwa na majani chini."

 Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Kalunde akaleta uji. Baadaye Mrisho akauliza hicho kitu kilichonituma kuja ni kipi. Nikatoa simu. Akasema haoni ila mwanga tu.

"Si ulikuwa mtafsiri? Tafsiri. Ila leo usinidanganye."

Nikamtafsiria, kichwa changu karibu na sikio lake. Jitu limemshika. Limeinama. Mwenzake ameruka mwenyewe, Mrisho, ameruka kama wewe. Yuko hewani. Mkono bado umeshikwa. Bado umeshikwa. Mkono wa pili uko chini ya shingo. Amefika chini.

"Ameachiwa?"

"Sasa ndiyo ameachiwa."

"Enhee," akasema. "Nilikwambia ni watani."

Nilipoaga akanitoza faini yangu: jogoo, na akitangulia kufa, nisije na tai na uso wa mazishi. Nije nilale kwenye kaburi lake nigome kutoka, kama mtani anavyotakiwa. Nikamwambia asijisumbue, Wazaramo ni wavivu hata kufa. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika. Jogoo nilimpeleka Jumamosi iliyopita.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba nilipomkosea mtani wangu, mzaha wetu ulikufa, nikadhani adabu itaziba pengo. Haikuziba. Ilimfikia kama mlango unaofungwa. Ningekwenda siku ileile nyuma ya ofisi ya kijiji nikamshika yule mtu akitapika, bega lingekuwa bovu vilevile, lakini rafiki ningekuwa naye miaka yote hii.

Karibuni mseme. Kuna mwingine humu aliyewahi kumkasirikia mtani wake? Mlimalizaje? Na wapenzi wa mieleka ya zamani nitumieni video ndefundefu, maana sasa nina mtu wa kumtafsiria.

Halafu Mzaramo ameagiza nisiuweke uzi huu bila kuandika kwamba siku ile ya Saba Saba yeye ndiye aliyeshinda.

Nimeandika. Na ni kweli.