Pasi ya Mama Mukwe na Patalo Nyeupe

Musinicheke mbele sijamaliza, hata kama najua mutacheka tu: mi ndiye ule muntu aliyepeleka baba mukwe wake kanisani, hapa Baraka, na magamba ya samaki nyuma ku patalo, suruali yake ya kanisa, na samaki yenyewe haikukuwako.

Bibi yangu Riziki alirithi pasi ya makaa ya marehemu mama yake, chuma nzito ya zamani, imekuliwa na kutu. Sasa baba yake akatuma habari kama anatoka Swima, ataimba ku kanisa letu siku ya Mungu, Jumapili, na tangu azike bibi yake, mama ya Riziki, hakuimbaka tena hata nyumbani, basi mi nikasema lazima akute ile pasi inang'aa. Nikatembeza macho sokoni, nikapata rangi yenye unga wa aluminium, ile ya kuzuia kutu, nikapakaa pasi nzima.

Riziki akaniuliza, “Na chini umepakaa?”

“Kwani kutu inachaguaka?” (Kiburi tu.)

Ile wiki bamama ba jirani bakakuja kuiazima, wanatia makaa, inapoa, wanatia tena, na mi navimba kifua. Jumamosi nikaona chini kuna nyufa ndogo-ndogo kama matope iliyokauka, nikasema ni vumbi. Kumbe chuma ikipata moto inatanuka, ikipoa inarudi, na ile ngozi ya rangi haitanuke sawa nayo, kila mara inaachia kidogo (hayo soudeur mumoja, fundi wa kuunga chuma, alinieleza nyuma, wakati haikunisaidia tena).

Kesho yake asubuhi nikanyoosha patalo nyeupe ya muzee mi mwenyewe. Mbele ikatoka safi, nikatia makaa mapya, nikageuza nyuma, nikakandamiza, naye anaita inje, “Mukwe, tunachelewa!” Nikakunja bila kuangalia, akavaa mbio-mbio, tukaenda.

Muzee alipoitwa kuimba akapita katikati ya kanisa lote, na nyuma yake ile rangi inametameta vipande-vipande, kama magamba ya dagaa. Mama mumoja akanong'ona kwa nguvu, “Ye! Muzee anatoka kukalia ndagala?” Benchi nzima ikacheka, Riziki akaficha uso mu kitenge, na mi miguu ikanibeba yenyewe, nikaenda kusimama nyuma ya muzee, karibu kabisa, nimufunike. Yeye akafikiri nimekuja kumusindikiza. Akanivuta pembeni yake, akashika mukono wangu, akaanza. Nikaimba pia (sauti yangu ni ya mbuzi, munaijua). Katikati ya wimbo sauti yake ikakatika. Akaniminya vidole, nikaendelea peke yangu, vibaya sana, mupaka akarudi, akamaliza. Hakuna aliyecheka tena.

Nyumbani nikamwambia yote. Akageuza patalo, akagusa ile rangi na kidole.

“Ulitaka pasi ing'ae kwa ajili ya marehemu?”

“Ndiyo, baba.”

“Yeye alikuwa anaisuguaka na jani ya ndizi tu, huku anaimba.”

Akaomba muchanga. Tukakaa wawili ku mulango, tukasugua ile pasi mupaka chuma ikatokea, nyeusi, na hapo akaanza kucheka, akacheka mupaka machozi. “Ule wimbo, mukwe wangu, uliuua!”

Basi naapa mbele yenu: rangi nitapaka milango na madirisha, kitu inayokula moto siigusi tena. Lakini kuimba, muzee akiniita, nitaenda.