Wanajeshi Kwenye Nyumba ya Pampu

Pampu ya maji ya kijiji chetu, kule mashariki mwa Kongo, imepigwa mabomu mara mbili, na mara zote mdogo wangu ndiye aliyeifufua. Kwa hiyo aliponipigia Jumamosi moja, mimi niko ughaibuni, Wembley, napika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akaniambia wanajeshi wamerudi kulala kwenye nyumba ya pampu, nilizima jiko nikakaa chini. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Kanisani kwetu yuko mama mmoja Mkenya, mwanasheria, anayefundisha sheria za vita. Nilimpigia. Akanieleza taratibu kwamba maji ya raia hayaruhusiwi kushambuliwa, ila askari wakikaa pale na silaha wanampa adui kisingizio, hivyo wanapaswa kuhama. Nikamuuliza nani atawaambia. Akasita, kisha akasema kwa kawaida huandikwa ripoti.

Ripoti. Nilimshukuru, nikampigia mdogo wangu, nikamwomba ampelekee simu komanda wa wanajeshi hao.

Komanda alikuwa na sauti ya kijana mwenye adabu. Nilimweleza yote niliyoambiwa, nikaongeza na yangu: watoto walioharisha pampu ilipokufa, bustani za mboga zilizokauka, akina mama waliorudia kuteka maji mtoni. Binti yangu alisimama mlangoni akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nagombana na nani. Nikamwashiria anyamaze.

"Mama, askari wangu nao wanakunywa maji," komanda alisema.

"Wachote, wanywe, waondoke. Bunduki zisilale pale."

Alisema amenisikia.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi, natoka kazini Hayes, kwa bibi mzee ninayemhudumia, mdogo wangu akapiga tena.

"Yaya, wamehama," alisema. Kwetu ndivyo tunavyowaita dada wakubwa.

Nilicheka peke yangu mbele za watu. Nikauliza wamehamia wapi.

"Shuleni. Wanapikia kuni za madawati."

Maji yanatoka safi, alisema, na watoto wako nyumbani, kwa sababu hakuna mzazi atakayempeleka mwanawe katikati ya bunduki. Nilishuka kituo kisicho changu, nikasimama kwenye manyunyu, nikampigia mwanasheria. Nilimwambia safari hii yeye mwenyewe aongee na komanda, nami nitakuwepo kwenye simu. Alikubali bila kusita, ila akataka kujua kwanza huyo komanda ni mtu wa namna gani.

Nikamwambia ni mtu wa heshima, anasikiliza vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.