Kumtafuta Tito Machimboni Chunya

Nilifunga safari kwa sababu ya mtu aliyenishika mkono. Ezekia, mchimbaji wa dhahabu, alishuka kwenye basi pale stendi ya Ipogolo akiwa hoi kwa kipindupindu, nami ndiye afisa afya niliyempokea. "Dada, mdogo wangu Tito amebaki Chunya," aliniambia. "Naye ameanza kuharisha." Kesho yake alfajiri Ezekia akafariki, nami na dereva wangu tukaondoka kwenda Chunya.

Saa nne asubuhi tulikuwa Igawa. Dereva alisimama kununua mchele kana kwamba tunaenda harusini. Nilimfokea, kisha nikaona haya. Mbeya tuliungana na wenzetu wenye gari la wagonjwa, tukapanda mlima kwenye ukungu, tukateremkia vumbi la Chunya.

Saa tisa alasiri tuliingia machimboni, na nakiri niliogopa. Mashine ya kusaga mawe ilikuwa imezimwa. Wachimbaji kama thelathini walisimama kando ya mashimo wakitutazama, hakuna hata aliyekohoa. Nikasogea kwenye mdomo wa shimo, nikapaza sauti: "Nani hapa anaharisha?"

Wote wakatugeuzia mgongo.

Mama Neema, mama lishe wa pale, alinivuta hadi nyuma ya kibanda chake. "We daktari, umeharibu! Huku shimoni hawatajagi ugonjwa, dhahabu inakimbia. Hata mgonjwa mwenyewe hatoi sauti."

"Tito yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu bani kuukuu la kukaushia tumbaku.

Mle ndani palinuka tumbaku na matapishi. Wanaume watano walikuwa wamelala chini, macho wazi, midomo imefumbwa. Niliita, "Tito!" Kimya. Nilishika mikono yao mmoja mmoja; yote ilikuwa baridi, lakini wote walikuwa hai. Wa mwisho ndiye Tito, alininong'oneza Mama Neema, aliyenifuata ndani.

Tuliwatundikia dripu. Maji yao ya kunywa yalitoka kwenye bwawa lile lile walimooshea mchanga wa dhahabu, kwa hiyo nilimwachia Mama Neema vidonge vya kutibu maji, naye akaahidi kuvigawa mbali na shimo.

Jua likiwa linashuka, tuliwapakia garini. Tulipolipita shimo la mwisho, Tito akafungua mdomo. "Kaka alifika nyumbani?"

Mchana kutwa nilikuwa nimewalaani watu wale kwa ukimya wao, nikiuita ujinga. Sasa nilimtazama kijana yule, nikamsogezea kikombe cha maji ya dawa.

"Kunywa kwanza, mdogo wangu," nilimwambia.