Sahani Irudi Tupu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata ninapokuwa sitaki kuikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, nami sijaota hata mvi moja. Tulikaa watu sita katika darasa la watoto wadogo hapa Likoni, magoti yakigonga madawati, tukipitisha majina ya watakaopewa chakula cha msaada. Bei ya unga ilikuwa imepanda, vibarua vimekauka, na mifuko tuliyoahidiwa haikutosha hata nusu ya mtaa. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Sikuchaguliwa kwa hekima. Nilifika darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, basi.

Nakuandikia haya kwa kuwa nimesikia safari hii wamekuchagua wewe, na kwamba siku hizi majina huingizwa kwenye simu. Sijui kama nina haki ya kukushauri. Soma, kisha uamue mwenyewe.

Likasomwa jina la Bi Saumu. Alikuwa jirani yangu, nyumba zetu zimegawana ukuta, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Mwenyekiti akauliza, "Nani anamjua?" Nikasema mimi namjua.

"Ana shida?"

Sikuwa na chuki naye, mwanangu. Nilimpenda. Lakini nilimjua kwa nilivyomwona: mnene, mashavu yamejaa, leso zake safi kila siku. Tena palikuwa na jambo la sahani. Unaijua desturi yetu, jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi tupu. Utatia embe, utatia kipande cha muhogo, ukikosa kabisa utatia hata sukari kidogo. Mimi nilikuwa nikimpelekea Bi Saumu mchuzi au wali, na kesho yake sahani yangu ya maua ya bluu inarudi na mahamri matatu, yamefunikwa kitambaa. Kwangu mimi mahamri matatu hayakuwa kitu kidogo.

Nikasema, "Bi Saumu hana shida sana. Sahani yangu hairudi bila mahamri."

Mwanamume mmoja akadakia, "Na mwili ule! Yule tumwite abebe mifuko, wala si kupewa." Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mama Kadzo peke yake, aliyekuwa akiuza mboga karibu na kivuko, hakucheka. Akanigeukia, "Umeshaingia jikoni kwake?"

"Mama Kadzo, mimi na yeye tuna ukuta mmoja."

"Sikukuuliza ukuta. Nimekuuliza jiko."

Nikainamia orodha. Nikalipiga mstari jina la Bi Saumu. Jina langu mwenyewe lilibaki, maana nilikuwa na watoto wanne na baba yao alikuwa na miezi hajaitwa kazini bandarini, na wenzangu walikubali. Nadhani nilistahili. Bado nadhani hivyo, ila si kila siku.

Mfuko ulipokuja ulikuwa na unga, mafuta na pojo, zile ndengu za kijani. Nikazipika pojo kwa nazi, nikajaza sahani, nikampelekea Bi Saumu. Nilijiona mtu mwema. Hakuniuliza nimezitoa wapi, maana mtaa mzima ulijua. Akapokea mlangoni, kama kawaida yake. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Kesho yake sahani haikurudi. Keshokutwa haikurudi. Siku ya nne nikaanza kununa. Nikawaza amekasirika kwa ajili ya lile jina, ndiyo maana amenizuilia chombo changu. Nikaenda kupiga hodi. Sauti ikanijibu kutoka ndani, nipite. Miaka yote ya ujirani wetu salamu zilikuwa zinaishia kizingitini, na siku ile ndiyo ya kwanza nikapita.

Alikuwa amelala mkekani, mguu mmoja ameufunga leso. Harufu ya kidonda ilinipokea kabla yake.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba. Umeifuata sahani yako? Ulidhani nimeshaiuza sokoni Kongowea?" Akacheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Sahani ilikuwa juu ya rafu, imeoshwa, imefunikwa kitambaa kile kile. Kando yake mkebe wa sukari na majani ya chai. Jiko la makaa lilikuwa baridi. Nilitazama kote nikitafuta kitu kingine cha kuliwa, sikuona.

"Mbona hukuniita niichukue?"

"Nikurudishie na nini?" akasema. "Sikuwa na cha kutia."

Ndipo akanieleza. Alikuwa akimkandia unga mwenye kibanda cha mahamri pale barabarani, na ujira wake ulikuwa ni mahamri yaliyobaki. Hayo ndiyo chakula chake asubuhi na jioni, pamoja na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, yenye sukari tele ya kumpa nguvu za kusimama. Yale aliyotia kwenye sahani yangu ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha siku hiyo. Daktari alishamwambia ana ugonjwa wa sukari, apunguze vya ngano na vya kukaanga, ale mboga, pojo, samaki. "Nikamwambia inshallah, daktari. Ningemwambia nini?" Mwili niliouita shibe ulikuwa ni ngano na mafuta, na miguuni ulikuwa uvimbe. Kidonda kilipomtoka, akashindwa kusimama kukanda, na mahamri yakaisha.

Akanitazama. "Ni kweli ni wewe uliyelipiga mstari jina langu?"

"Ni mimi, Bi Saumu."

"Kwa ajili ya mahamri?"

"Kwa ajili ya mahamri."

Akaikaza leso ya mguuni. "Basi na mimi nina makosa. Wallahi, nilikuwa nakudanganya kila nikikurudishia."

Hilo sikulikubali siku ile, na leo silikubali.

Nilimkimbilia mwenyekiti. Orodha ilikuwa imeshapelekwa, akaniambia tungoje mgao mwingine. Simlaumu, naye alipewa mifuko kwa hesabu ya majina. Mama Kadzo alimpelekea nusu ya pojo zake na mafungu ya mchicha, wala hakunikumbusha lile swali lake. Angenikumbusha ningepumua. Tukampeleka hospitali, wakamkata mguu. Mgao mwingine ulipokuja, Bi Saumu tulikuwa tumeshamzika.

Daktari alituambia kidonda kilikuwa kimefika mfupani zamani. Huenda mfuko mmoja usingeokoa chochote. Sentensi hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu huenda ni kweli na huenda najitetea. Sijui, na sasa sitajua.

Leo mimi pia nina sukari. Naambiwa mboga, naambiwa samaki, nami nasema inshallah, halafu narudi nyumbani kusonga sima, kwa kuwa ndiyo inayojaza tumbo. Nimenenepa. Majirani wanasema nimependeza.

Kwa hiyo mwanangu, ukiishika hiyo simu, usimpime mtu kwa mwili wake wala kwa anachokupa. Usimuulize kama ana njaa mbele ya watu, atakwambia alhamdulillahi. Nenda kwake, uvue viatu, ukae chini, na macho yako yafike jikoni. Ukiona mwenzako anacheka jina la mtu, wewe usicheke. Na ukipeleka sahani kwa jirani mwambie kabisa, irudishe tupu. Nawe ukiwa huna, irudishe tupu, hata uso ukiwaka aibu. Sikuahidi kwamba hayo yatapunguza njaa ya Likoni. Hata ukitenda haki yote, mifuko haitatosha, na utalipiga mstari jina la mwenye njaa. Angalau ujue umempiga mstari nani.

Mungu akupe riziki inayofaa mwili wako, na akupe ulimi wa kusema huna siku utakapokuwa huna. Azilinde hatua zako kila mlango utakaoingia.

Daftari hili nakuletea pamoja na ile sahani ya maua ya bluu. Nimekutilia pojo za nazi. Ule, uioshe, mwanangu, uniletee tupu.