Okestra Niliyoianika Juani

Nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Ujiji, maana najua habari zimeshafika mpaka Kagunga na huko zimetiwa chumvi. Ni kweli: mimi Bukuru, mpiga kinanda kwa miaka ishirini na mbili sasa ambaye sikufundishwa na mtu, niliyejenga nyumba ya bati la rangi kwa vidole hivi kumi (shule niliishia darasa la nne na sijaona hasara), ndiye niliyemfanya binti yangu asimame katikati ya zulia jekundu kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mbele ya wakwe. Kwenye sendofu yake mwenyewe, siku ya kumuaga aende kwa mume.

Editha aliniomba kitu kimoja tu. Mambo ya keki, rangi na magauni alimwachia mama yake, ila kwangu alikuja akasema, "Baba, nataka niingie kwa kinanda chetu. Kile kile." Kinanda chenyewe anakijua: kibonye kimoja kina alama ya meno yake ya utotoni, na kila nilipofanya mazoezi sebuleni alikuwa anacheza mbele yake mpaka anasinzia amesimama.

Sasa mimi nilikuwa nimeshanunua tableti. Ndani yake mna programu inayotengeneza sauti za kila aina, wewe unachomeka kibao cha vibonye kisicho na sauti yake, chepesi hata kwapani kinakaa, unabonyeza na tableti ndiyo inayoimba. Nilipoiona nilisema basi, kubeba mizigo kumekwisha. Kinanda cha zamani, ambacho kinataka watu wawili kukinyanyua, nikawaazima kwaya ya kanisa la Simbo, na nikawaambia kwa mdomo huu huu, "Chukueni, kwangu mimi hayo ni makumbusho." Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu, mengine yote yalijileta.

"Baba Editha, mtoto ametaka cha zamani," mke wangu akasema.

"Mtoto hajui anachotaka. Akiisikia hii atalia."

(Alilia, sikatai.)

Fundi Elia aliyeniwekea ile programu alinionya kabisa. "Mzee, hii tableti ni ya bei ndogo, nguvu zake ndogo. Piga sauti moja nyepesi. Ikianza kukwaruza, ongeza hii namba hapa kidogo. Kidogo! Ukiizidisha, sauti itakuwa inachelewa kutoka." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemsikiliza mtoto wa jirani, kisha nilipofika nyumbani nikachagua okestra nzima, vinubi, fidla, tarumbeta, zote kwa mpigo, na ile namba nikaisukuma mpaka mwisho, kwa sababu maishani mwangu sijawahi kuona namba kubwa ikawa mbaya. Kujaribu sikujaribu. Mtu aliyepiga miaka ishirini na mbili ajaribu nini?

Sherehe ilikuwa ufukweni, saa tisa, jua la kupasua kichwa. Wageni walikaa chini ya turubai, wakwe kutoka Dodoma mstari wa mbele. Mimi nikakataa turubai (nitaonekanaje?), nikajiweka wazi kabisa, tableti juu ya spika nyeusi. Spika ile ungeweza kuikaangia yai.

Emsii akatangaza, watu wakasimama, Hamisi mpiga ngoma akaanza, nami nikashuka na vidole vyote. Kimya. Halafu, wakati nimeshakwenda kwenye noti ya pili, ya kwanza ndiyo ikatoka. Nikadhani sikubonyeza vizuri, nikabonyeza kwa nguvu. Ikachelewa vilevile, ila sasa kwa kelele zaidi.

"Mzee, uko wapi?" Hamisi akanipigia kelele.

"Si niko hapa!"

"Wewe uko hapa, sauti yako iko Kidahwe!"

Nami nikaharakisha ili niiwahi sauti yangu mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo sijui nilitegemea litawezekanaje. Na kuingia kwenyewe ni kwa kucheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Mashangazi waliomsindikiza wote walifuata ngoma ya Hamisi, wakaenda sawa. Mmoja tu ndiye aliyefuata kinanda, kwa kuwa tangu utoto wake amefuata kinanda cha baba yake. Wenzake wakienda mbele yeye anarudi, wakirudi yeye anakwenda, mpaka dada yangu Nyamwiza, aliyetoka Kagunga kwa boti na gauni la kushonesha, akamkanyaga pindo na wote wawili wakayumba.

Nikairudisha namba chini kabisa. Kuchelewa kukaisha, ila okestra ikaanza kutoa mlio wa samaki wetu migebuka wanaotumbukizwa kwenye mafuta. Kisha kioo kikafifia, yakaja maandishi kwamba kifaa kimepata joto.

"Mabibi na mabwana," emsii akasema, "kinanda kina homa."

"Basi kipelekeni kivulini," mama mkwe wa Editha akadakia, na turubai zima likacheka.

Nikainyakua tableti na nyaya zake, nikakimbilia kwenye beseni la barafu la soda, nikaiweka juu ya chupa. Hapo tarumbeta moja ikanasa. Paaaaa! Nabonyeza, haisikii. Naigonga, paaaaa! Watoto wameziba masikio, mke wangu ameziba uso. Nikachomoa waya, spika zikapiga kishindo, halafu yakasikika maji ya ziwa yakigusa mchanga.

Editha alikuwa amesimama nusu ya zulia. Mimi hakuniangalia. Aliangalia pale mbele, kwenye kile kibao chembamba.

"Baba, kiko wapi?"

"Kiko Simbo."

"Simbo?"

Machozi yakamshuka na wanja. Nyamwiza ndiye aliyepiga makofi, akaanzisha wimbo wa Kiha wa kumtoa mwali, mashangazi wakapokea, wakamfikisha kwa wakwe kwa midomo yao. Alinipita bila kugeuka.

Jumapili, siku mbili kabla hajaondoka, nikamwomba twende Simbo. Nikasimama mbele ya mwalimu wa kwaya kuomba kinanda changu mwenyewe.

"Mzee Bukuru! Umekuja kutembelea makumbusho?"

Ibada ilikuwa imekwisha, kanisa lina mabenchi matupu na bibi mmoja anafagia. Nikakaa. Nikabonyeza, na sauti ikatoka hapo hapo, wakati ule ule, kama inavyotakiwa na Mungu. Nilipoinua macho Editha alikuwa mlangoni na kandambili zake, anakuja, mbili mbele, moja nyuma, anacheka na kujifuta macho, mpaka akanifikia na kukigusa kile kibonye chenye meno.

Tangu hapo nimeapa: mtoto akiniomba kile kile, nitaleta kile kile, hata nikibebe kichwani peke yangu. Tableti anaangalizia mahubiri mke wangu. Kinachoniuma ni kimoja. Video ya ufukweni kila mkwe anayo kwenye simu yake, na paaaaa yake yote. Hii ya Simbo hakuna aliyeirekodi.